Route 66 kutoka kaunta hadi kaunta: jinsi ya kupanga safari ya barabara ya kale kwa msaada wa vituo vya wageni

Mara ya kwanza nilipoendesha gari kutoka Chicago kwenda St. Louis niliiambia simu inipeleke kwa Route 66. Ikaitikia vizuri, kisha ikanitupa I-55, barabara pana ya kasi. Saa tano baadaye nilikuwa nimefika, na nilichokiona njiani ni mahindi, malori, na mahindi tena. Barabara niliyoifuata ilikuwa kando yangu sehemu kubwa ya safari, sambamba na reli, nami nimeipita kama sijui.

Tanzania tulizoea kuambiwa "baki njia kuu, michepuko si dili." Kwenye Route 66 ushauri huo ugeuze. Njia kuu ndiyo inayokukosesha, mchepuko ndio safari yenyewe. Na anayejua mchepuko upi unapitika wiki hii si simu. Ni yule mama au mzee anayekaa nyuma ya kaunta ya kituo cha wageni katika mji mdogo, mara nyingi mstaafu anayejitolea, mwenye kalamu na ramani ya karatasi. Mwongozo huu unahusu namna ya kumtumia mtu huyo vizuri, uwe unaishi Marekani au unakuja kutembea kutoka Afrika Mashariki.

Hatua ya 1: Elewa barabara unayoitafuta

Namba 66 ilizaliwa mwaka 1926. Telegramu iliyoipendekeza ilitumwa 30 Aprili kutoka Springfield, Missouri, na mtandao mzima wa barabara za namba uliidhinishwa 11 Novemba mwaka huohuo, kwa hiyo 2026 ni mwaka wake wa 100. Ilitoka Chicago hadi pwani ya California, maili 2,448, yaani karibu kilomita 3,940, ikikata majimbo 8: Illinois, Missouri, Kansas, Oklahoma, Texas, New Mexico, Arizona na California. Baada ya sheria ya barabara kuu ya 1956, zikaanza kujengwa barabara pana za kasi, na miji ikapitwa mmoja mmoja. Wa mwisho ulikuwa Williams, Arizona, 13 Oktoba 1984. Juni 1985 namba ikafutwa rasmi.

Kwa dereva, maana yake ni kwamba hakuna tena barabara moja yenye jina hilo. Kipande hiki leo ni barabara ya jimbo, kile ni mtaa mkuu wa mji, kingine ni njia ya pembeni ya I-44, na kingine kinaishia kwenye uzio wa malisho ya ng'ombe. Isitoshe, hata ilipokuwa hai barabara hii ilihamahama kama mto unaobadili mkondo. Huko New Mexico, hadi 1937 ilipanda kaskazini hadi Santa Fe, kisha ikanyooshwa moja kwa moja kwenda Albuquerque. Illinois, kusini mwa mji wa Springfield, kuna mkondo wa mwanzo na mkondo wa baada ya 1930, na karibu na Auburn utakanyaga matofali yaliyopangwa 1931. Oklahoma, kati ya Miami na Afton, kimebaki kipande chenye upana wa futi 9 tu. Mkikutana magari mawili, mmoja ashuke pembeni.

Wenyeji huiita mikondo hiyo *alignment*. Likumbuke neno hilo, maana utakapolitaja kwenye kaunta utaona mzee amevuta kiti.

Baada ya hapo chagua kipande chako. Kuimaliza yote kunataka wiki mbili kwa haraka, tatu kwa raha, na kwa mara ya kwanza sikushauri. Mwenye siku tatu achukue Illinois. Mwenye wiki moja, na anayependa majangwa na milima, aende Arizona.

Hatua ya 2: Andika vituo kabla ya vivutio

Watu wengi huanza na orodha ya sanamu na moteli za kupiga picha, halafu ndipo watafute njia ya kuziunganisha. Anza upande wa pili. Chora kipande chako, weka alama kwenye vituo vya wageni vilivyopo, na uhakikishe hupiti zaidi ya maili 150 bila kituo. Vivutio vitajileta vyenyewe, kwa sababu kila kituo kitakueleza vilivyoko mbele yako.

Vituo haviko sawa. Vile vikubwa vya jimbo, vilivyo kando ya barabara ya kasi ukivuka mpaka wa jimbo, ni vizuri kwa choo safi na ramani rasmi ya jimbo ya bure, basi. Kuhusu kipande cha maili kumi cha barabara ya 1930 usitegemee mengi pale. Vya mji, vinavyoendeshwa na ofisi ya utalii au chama cha wafanyabiashara, ndivyo vyenye taarifa za kulala, kula na sherehe za wiki hiyo. Halafu kuna vile vya wapenzi wa barabara yenyewe, ndani ya majumba ya makumbusho au vituo vya mafuta vya zamani. Hivi vya mwisho ndivyo dhahabu.

Jengo lenyewe mara nyingi ni kivutio. Baxter Springs, katika maili 13 tu ambazo Kansas inazo, kituo kiko ndani ya sheli iliyojengwa 1930. Shamrock, Texas, wageni hupokelewa katika Tower Station, kituo cha mafuta na mgahawa cha 1936 chenye mnara. Flagstaff, Arizona, kaunta iko ndani ya stesheni ya treni iliyofunguliwa 1926, na treni bado zinasimama hapo. Kingman kituo kimewekwa kwenye jengo lililokuwa la kufua umeme, la 1907, pamoja na makumbusho ya Route 66 ya Arizona. Na Seligman kuna kinyozi, Angel Delgadillo, ambaye 1987 alianzisha na wenzake chama cha kuilinda barabara hii Arizona baada ya mji wao kupitwa na kusahauliwa. Chumba chake cha kunyolea kikageuka duka na mahali pa kuuliza njia. Vyama vingi vya majimbo mengine vilifuata mfano ule.

Hatua ya 3: Wasiliana nao wiki sita kabla

Piga simu au andika baruapepe. Wanaoishi Marekani waombe kitabu cha wageni kitumwe kwa posta, kwani vituo vingi hukituma bure. Walio nje waombe nakala ya kidijitali. Kisha uliza mambo matatu tu: siku na saa za kufungua katika tarehe zako, kama kuna sherehe itakayojaza vyumba, na kama kuna sehemu ya barabara itakayofungwa kwa matengenezo.

Usiamini saa zilizoandikwa mtandaoni. Kituo kinachotegemea watu wa kujitolea hufunga mwenye funguo akiumwa, na vidogo hupunguza siku majira ya baridi. Wewe msema Kiswahili una mtego wa ziada: "hadi 5" ya Mmarekani ni saa kumi na moja jioni. Nimeshaandika "saa 5" kwenye daftari nikiwa na haraka, kesho yake nikaamka nikajiuliza ni asubuhi au jioni. Andika saa zote kwa mtindo mmoja, na uandike juu ya ukurasa ni mtindo upi.

Majimbo nayo yana saa zao. Ukitoka Texas kuingia New Mexico unarudisha saa nyuma kwa saa moja. Arizona, ukiacha eneo la Wanavajo, haibadilishi saa wakati wa kiangazi, kwa hiyo Julai inalingana na California na Januari inalingana na New Mexico. Kituo kinachofungwa saa kumi jioni hakitakusubiri kwa sababu ulikosea hesabu hiyo.

Hatua ya 4: Kwenye kaunta

Hapa ndipo watu wengi hupoteza nafasi. Wanaingia, wanachota vipeperushi, wanauliza choo, wanatoka. Tenga dakika 40.

Anza kwa salamu na useme umetoka wapi. Kwetu hili ni jambo la kawaida, hakuna anayeingia nyumba ya watu akaanza kuuliza njia kabla ya hodi, lakini wageni wengi hulisahau wakiwa safarini. Sema Mwanza, Mombasa, Bujumbura au Lubumbashi. Saini kitabu cha wageni, na pakiwepo ramani ya dunia yenye pini, chomeka yako. Mtu aliyekuwa akikujibu kwa neno moja ataanza kukusimulia.

Kisha ramani iwekwe mezani. Iwe ya karatasi, na umpe yeye kalamu. Ukishika kalamu wewe atakutajia majina. Akiishika yeye atachora, na mkono wake utaenda mahali ambapo mdomo usingefika: "hapa usipinde kushoto, kibao kimeibwa." Vibao vya 66 huibwa kweli, ndiyo maana sehemu nyingine wameamua kuichora alama hiyo juu ya lami.

Maswali yangu hayajabadilika tangu safari ya pili. Kutoka hapa hadi kituo kinachofuata, mkondo upi unapitika leo kwa gari dogo, na mvua ikinyesha je? Wapi nitalazimika kuingia barabara ya kasi, na nitokee njia ya kutokea namba ngapi? Sheli ya mwisho iko wapi kabla ya pengo refu? Kitu gani kiko kwenye kitabu chenu lakini kimefungwa? Na la mwisho, ambalo ndilo bora: wewe mwenyewe, ndugu zako wakija kutoka mbali, unawapeleka wapi? Jibu la swali hilo halimo kwenye kipeperushi chochote. Mara moja lilinipeleka kwenye chakula cha mchana cha kanisani ambako nilikuwa mgeni peke yangu, na pai ya tufaha sikuilipia.

Usiulize habari za jimbo zima. Mzee wa mji wa Pontiac, Illinois, anaijua Pontiac na maili 50 kila upande. Ukimuuliza Texas atakujibu kwa adabu, lakini atakuwa anasoma kama wewe. Muulize hadi kaunta inayofuata tu, na kabla ya kuondoka muombe akupe jina la kituo hicho na, akipenda, awapigie kuwaambia unakuja.

Msaada wote huu ni bure. Pakiwa na sanduku la michango weka dola kadhaa, au nunua kadi ya posta. Kwa vituo vya kujitolea, hicho husaidia.

Hatua ya 5: Usiku, hamishia ramani kwenye simu

Ukifika unapolala, kaa na ramani iliyochorwa. Natumia rangi tatu: kijani kwa pa kusimama lazima, bluu kwa pa kusimama muda ukiruhusu, nyekundu kwa palipofungwa au pasipopitika. Usiziache nyekundu kwa kudhani utakumbuka, hutakumbuka.

Halafu ndipo simu inapopewa kazi yake. Pakua ramani ya eneo kwa matumizi bila mtandao. Washa chaguo la kukwepa barabara za kasi, lakini hilo peke yake halitoshi, maana simu bado itatafuta njia fupi. Dawa yake ni kuweka vituo vingi vya katikati, kimoja kila maili 10 hadi 15, juu ya barabara ya kale yenyewe: daraja, kanisa, makutano. Ukiwa na vituo vya kutosha simu inakosa pa kukimbilia.

Maili 150 kwa siku, yaani kilomita 240, ndicho kiwango changu. Anayepanga 300 ataishia I-40 kila alasiri.

Mfano: siku tatu Illinois

Siku ya kwanza anza Chicago, mtaa wa Adams, penye kibao cha mwanzo. Kutoka katikati ya jiji hadi Joliet usijitese kutafuta kila kipande. Fika makumbusho ya Joliet, ambako pana kituo cha kukaribisha wasafiri wa Route 66, na hapo ndipo safari inaanza kweli. Wilmington kuna Gemini Giant, sanamu kubwa ya kijani ya mwanaanga aliyeshika roketi. Dwight kuna sheli ya Texaco ya 1933 ambayo leo inapokea wageni, na Odell kuna nyingine ya Standard Oil ya 1932. Ukiwa Odell uliza habari za handaki la waenda kwa miguu. Magari yalikuwa mengi kiasi kwamba mji ulichimba njia chini ya barabara ili watoto wavuke salama. Simama pale leo uhesabu magari yanayopita, utaelewa kupitwa ni nini. Lala Pontiac.

Siku ya pili asubuhi ingia makumbusho ya Pontiac, kwenye jengo la zamani la zimamoto, na ukachukue maelekezo ya kipande kinachofuata. Kusini ya Bloomington kuna Funks Grove, wanakotengeneza sharubati ya mti wa mepo (*maple*), na Atlanta kuna jitu lililobeba hotdog. Springfield tenga alasiri yote. Nyumba ya Abraham Lincoln iko pale na kaburi lake pia. Katika mji huohuo, Agosti 1908, kundi la wazungu liliwashambulia Weusi na kuchoma nyumba zao, tukio lililochangia kuzaliwa kwa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, mwaka uliofuata. Ulizia mahali palipotokea.

Siku ya tatu chagua mkondo kwa kusikiliza kaunta ya Springfield: wa mwanzo upitao kwenye matofali ya Auburn, au wa baadaye ulio karibu na I-55. Malizia kwa kutembea kwa miguu juu ya daraja la Chain of Rocks, la 1929, ambalo katikati ya mto Mississippi limepinda ghafla kama kiwiko. Magari hayaruhusiwi tena. Kwenye kaunta uliza upande upi wa kuegesha gari, na usiache mkoba kwenye kiti.

Swali ambalo huenda wasilianzishe wao

Msafiri mweusi hakuwa na barabara ileile inayosifiwa kwenye mabango. Miji mingi kando ya njia hii ilikuwa ya machweo, yaani jua likizama Mweusi asionekane humo. Ndiyo sababu Victor Hugo Green, mtu wa posta kutoka Harlem, alianza kuchapisha 1936 kitabu cha mwongozo, *Green Book*, kikitaja hoteli, sheli na vinyozi ambako Mweusi angehudumiwa. Kiliendelea hadi miaka ya 1960. Kwa maana moja kile kitabu kilikuwa kituo cha wageni cha wale waliofungiwa mlango wa vituo vingine.

Uliza waziwazi: kwenye kipande hiki, palikuwa na nyumba gani za *Green Book*, na ipi bado imesimama? Springfield, Missouri, palikuwa na hoteli ya Alberta Ellis. Karibu na Luther, Oklahoma, bado ipo sheli ya mawe ya familia ya Threatt, familia ya Weusi iliyowauzia wasafiri mafuta na chakula. Vituo vingine vina karatasi maalumu juu ya mambo haya na wahudumu wanaoyajua vizuri. Vingine watababaika. Wakibabaika, uliza maktaba ya mji, maana mara nyingi iko mtaa wa pili.

Ukienda Magharibi

Kuanzia New Mexico kaunta inakuwa suala la usalama. Kati ya Kingman na Oatman barabara inapanda mlima kwa kona kali zisizo na kingo, na magari yanayozidi futi 40 yamekatazwa. Oatman yenyewe utapokelewa na punda wanaozurura mtaani, wajukuu wa punda walioachwa na wachimba dhahabu. Mbele yake, katika jangwa la Mojave, California, madaraja ya mbao ya miaka ya zamani yameharibiwa na mafuriko na vipande hufungwa kwa muda mrefu. Simu inaweza kuonyesha njia nyeupe safi pale ambapo kuna kizuizi cha zege. Uliza Kingman kabla ya kushuka, jaza tangi, na beba maji ya kutosha watu wote kwa siku nzima.

Kwa waliokuja na kadi za benki za nyumbani: pampu nyingi zitakudai namba ya posta ya Marekani (*ZIP code*) na kukataa kadi yako. Ingia ndani, taja namba ya pampu, lipa kabla. Na ukikodi gari la kuchukua mji mmoja na kuliacha mji mwingine, uliza ada ya kuliacha kabla hujasaini, kwa sababu wakati mwingine inazidi kodi yenyewe.

Baada ya safari

Usitupe ramani. Yangu ya Illinois ilirudi na alama nne nyekundu: makumbusho yaliyofungwa Jumatatu, daraja lililokuwa matengenezoni, mgahawa uliokuwa ukibadilisha mmiliki, na kipande kimoja cha lami kilichozibwa na mkulima. Masika iliyofuata nilipiga simu kwenye kaunta ileile. Akapokea mama yuleyule. Tatu kati ya nne zimegeuka kijani, na ya mkulima, alisema, niende nikamgongee mlango mwenyewe, ni mtu mzuri, nimwambie nimetumwa.